Kisahani cha Uchumba

Karakanani walimwita Mama Meno, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kukata meno ya gia za plastiki: gia za mashine za kufungia pakiti, za pampu, za vitanda vya hospitali vinavyonyanyuliwa kwa mkono. Alisimama mbele ya mashine ya kukereza tangu asubuhi, miwani imefungwa kwa uzi kisogoni, na nyuzi nyembamba za plastiki zikimjaa kwenye kilemba. Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, ambaye hakuwa na jino hata moja. Watu wa mtaani hawakuiacha nafasi hiyo ipite hivihivi. Walisema binti anatengeneza meno ya mashine huku mama anamung'unya. Yule bibi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko meno yote aliyowahi kuwa nayo, alijibu kwamba angeomba akatiwe seti moja ya nailoni, ila anajua ataambiwa asubiri zamu yake kama wateja wengine.

Mwenye karakana alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Ndugu hao wawili waliianzisha pamoja katika banda la mabati, na kaka alipofariki, mdogo hakumfukuza mjane wala hakumpa sadaka. Alimpa ufundi. Alimsimamisha mbele ya mashine na kumwelekeza mpaka mkono ukazoea. Mama Meno hakulisahau hilo, na baadaye ndilo lililomziba mdomo kuliko tishio lolote. Wema nao una kamba zake.

Somo la kwanza alilofundishwa lilikuwa la ndoa. Ndivyo walivyoita pale karakanani kazi ya kuchagua plastiki gani isuguane na ipi.

"Plastiki zina koo zao, shemeji," alimwambia. "Nailoni haiozeshwi nailoni. Ndugu wa damu wakisuguana wanalana. Mtafutie mchumba ukoo mwingine."

Maneno yalikuwa ya utani, lakini jambo lenyewe ni kweli na halina utani. Nyuso mbili za plastiki ya aina moja zikisuguana hushikana. Joto la msuguano hukaa palepale, maana plastiki hailisafirishi joto kama chuma. Uso hulainika kidogo, hubanduka, na kinachobanduka huwa kama mchanga unaozidi kukwangua. Ukiweka nailoni, ambayo ni ngumu kukatika na ina uvumilivu, dhidi ya asetali, ambayo ni kavu na yenye utelezi, kila moja hupita juu ya mwenzake bila kumng'ang'ania. Meno hudumu miaka.

Hata hivyo hawakuamini ndoa kwa maneno matupu. Kwenye pembe ya karakana palikuwa na meza ndogo aliyoiunda marehemu kwa mota ya cherehani kuukuu. Juu yake gurudumu la plastiki moja lilizunguka likisugua kipande cha plastiki nyingine, kipande kimekandamizwa kwa chuma kizito, na chini yake kumewekwa kisahani cha chai. Visahani vilikuwa viwili: cha kahawia iliyokolea kwa plastiki nyeupe, na cheupe kwa plastiki za rangi nzito. Kazi hiyo waliiita uchumba. Mota iliachwa ivume siku kadhaa, kisha wote walikuja kutazama. Kisahani kikiwa kitupu, wachumba walioana. Kikiwa na vumbi, kila mmoja alirudishwa kwao. Wakati wa uhai wa marehemu, hakuna gia iliyotoka pale bila kupita juu ya kisahani.

Siku Mama Ngano alipokuja, mota ya uchumba ilikuwa imenyamaza muda mrefu na mtu alikuwa ametundika koti lake juu yake.

Mama Ngano alikuwa mwenye bekari ya mtaani, mwanamke mpana, mwenye unga kwenye nyusi hata siku ya mapumziko. Aliweka mezani mfuko uliokuwa na gia mbili za chuma, za ukubwa mmoja, zimepakaa grisi nyeusi.

"Hizi ndizo zinazonivunjia heshima," alisema. "Zinazungusha rola zangu mbili za kusukumia unga. Jana mteja kanirudishia nusu mkate, kauweka kaunta mbele ya watu, kautumbua kama jipu. Ndani kuna kidoa cheusi. Grisi na chuma."

"Pole, Mama Ngano," alisema shemeji.

"Pole haichomi mkate. Nataka za plastiki, zisizotaka grisi. Na ziwe nyeupe."

"Moja inaweza kuwa nyeupe," alisema Mama Meno. "Ya pili inategemea tuna nini."

"Zote mbili, fundi. Ni mapacha hao, wafanane. Mimi nauza kitu cheupe. Na zikilika, basi isionekane."

Shemeji alicheka. Mama Meno hakucheka, ila aliliacha neno hilo likapita kama inzi anavyopita dirishani.

Mgeni alipoondoka, shemeji alifungua stoo. Asetali ilikuwa imekwisha, na muuzaji wao alikuwa akisubiri mzigo. Kulikuwa na gogo moja la nailoni nyeupe, nene, safi.

"Kata zote mbili humu," alisema.

"Ndugu kwa ndugu?"

"Ni za muda tu. Asetali ikija tunabadilisha moja."

"Na uchumba?"

"Mapacha wachumbiane nini, shemeji? Wamezaliwa pamoja." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mama Ngano ana haraka. Akienda kwingine harudi."

Wote wawili walijua. Nalisema hili mapema ili asije msomaji akadhani hapa kuna mjinga na mwerevu. Aliyefundisha sheria na aliyefundishwa walikuwa wamesimama mbele ya gogo moja, na wote wawili walijua. Ila shemeji alikuwa amechoka kuhangaikia wateja, na Mama Meno alikuwa amechoka mwili mzima. Mama yake alikuwa akikohoa usiku na kumwamsha. Magoti yake yalikuwa yameanza kulia kila akiinama. Daktari alimweleza kwamba kile kitu laini kinachokaa kati ya mifupa kimelika, sasa mfupa unasuguana na mfupa. "Kumbe nimeozeshwa ndugu yangu mwenyewe," Mama Meno alimjibu, na daktari hakuelewa kinachomchekesha. Siku ile alitaka jambo moja tu: amalize, aketi. Maovu mengi ya dunia hii hayawangoji watu waovu. Huwangoja watu wema mpaka wachoke.

Akakata. Na kwa kuwa alikuwa fundi, alikata vizuri. Aliacha nafasi ndogo kati ya jino na jino, maana nailoni hunywa maji na kuvimba, na bekari ni mahali pa mvuke na kuoshaoshwa. Zilipofungwa kwenye rola zilizunguka bila sauti. Mama Ngano alisimama mikono kiunoni akizitazama kama mtu anayemtazama mtoto amelala.

"Zimetulia kama maji ya mtungi," alisema. "Fundi, wewe leo huondoki bila mkate."

Mama Meno akauchukua mkate. Ulikuwa wa moto bado, na ndio mkate pekee mama yake aliouweza: laini, ganda jembamba, ukichovya kwenye chai unayeyuka. Tangu siku hiyo hakukosa kupita bekari akirudi kazini.

Asetali ilikuja. Sehemu yake kubwa ikaenda kwenye kazi ya watu wa pampu, nyingine kwenye vitanda vya hospitali, na kikabaki kipande cha bluu ambacho hakuna mteja aliyekitaka, kikaegemezwa nyuma ya mlango wa stoo. Hakuna aliyetaja bekari. Mara mbili tatu Mama Meno alifungua mdomo, akamwona shemeji ameinamia hesabu za kodi ya banda, akaufunga. Kitu cha muda hakina mtu wa kukikumbusha kwamba muda wake umekwisha. Kinazeeka palepale kilipowekwa, na watu wanakizoea.

Hadi jioni moja alipokuwa kwenye foleni ya mkate akasikia rola.

Hazikuwa na kelele. Mtu mwingine asingesikia chochote. Lakini yeye alisikia mlegeo, mgongano mdogo kila jino lilipopokelewa na jino jingine, kama kikombe kinachotikisika kwenye kisahani mtu akitembea. Akauliza kama anaweza kuangalia. Mama Ngano, aliyekuwa akipanga mikate, akamwashiria kwa kidevu.

"Angalia tu, lakini usinizimie mashine, watu wamejaa."

Akasubiri mpaka mkandaji alipoizima kuweka donge jingine, akafungua kifuniko cha pembeni. Meno aliyoyakata manene yalikuwa yamekonda na kuchongoka. Chini yake, kwenye ukingo wa meza ambapo unga uliosukumwa hupita, palikuwa na vumbi jeupe. Kila kitu mle kilikuwa na vumbi jeupe: meza, sakafu, mikono ya mkandaji, nyusi za mwenye bekari. Akalamba kidole, akakigusisha, akasugua kwa dole gumba. Unga ukilowa mate hugeuka gundi. Vumbi hili halikugeuka. Lilibaki vilevile, chembe ndogo ngumu, zikiteleza kati ya vidole.

Akarudisha kifuniko.

"Vipi, fundi?" aliuliza Mama Ngano. "Hawajambo mapacha?"

"Nitarudi kuziangalia vizuri," alisema Mama Meno. Akatoka bila mkate.

Mtu mwadilifu angesema palepale. Yeye hakusema. Foleni ilikuwa ndefu, magoti yanauma, na alichofikiria njia nzima ni kinywa kimoja tu, cha mama yake. Duka la mbali kidogo liliuza mikate ya kiwanda, imefungwa kwenye nailoni za kung'aa. Akanunua huo.

Mama yake aliuchovya, akaumung'unya, akautoa mdomoni na kuuweka pembeni ya sahani.

"Huu si wa Mama Ngano."

"Nimebadilisha, mama."

"Kwa nini? Mmegombana?"

"Hapana."

"Basi kanunue wetu. Huu una ganda kama kiatu."

"Uchovye zaidi."

"Nimeuchovya mpaka chai imekwisha. Wewe mwanangu, unataka kunipa mazoezi ya meno ambayo sina?"

Kesho yake akaleta aina nyingine. Bibi akaugusa kwa kidole kama anayepima homa, akausukuma. Akawa anakunywa chai tupu na uji mwepesi, na alipoulizwa kama ameshiba alisema, "Nimelowa." Mifupa ya mabega yake ilianza kuonekana chini ya kanga. Mama Meno alimtazama akajiambia kwamba atazoea. Wazee huzoea.

Hakuzoea. Siku moja Mama Meno alirudi mapema akamkuta mama yake ameketi kitandani, uso umechangamka, kikombe mkononi, na mapajani ana mkate wa Mama Ngano umebaki kipande. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye watoto wadogo wengi, alikuwa kwenye kigoda akimsimulia habari za mtaa. Watoto wake walikuwa sakafuni, kila mmoja na kipande chake, wakila.

"Bibi kaniambia siku hizi unamfungisha," alisema jirani, akicheka. "Nikasema haiwezekani, mkate wenyewe upo hapo kona. Sisi asubuhi huo, jioni huo. Tumemgawia."

"Asante," alisema Mama Meno.

Akaketi kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu. Alikuwa amejaribu kumwondoa mtu mmoja kwenye jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa ndani yake, na hata huyo mmoja alikuwa amerudishwa kwa mkono wa ukarimu. Mama yake alitafuna kwa fizi, taratibu, akiwa na furaha ambayo bintiye hakuwa ameiona kwa siku nyingi. Mama Meno hakumnyang'anya kipande kile. Alikitazama mpaka kikaisha.

Asubuhi alimkuta shemeji anakunywa chai juu ya pipa, kabla mashine hazijawashwa.

"Mapacha wa bekari wanalana," alisema.

Shemeji hakuuliza mapacha gani. "Wamefika wapi?"

"Meno yamebaki nusu. Nusu nyingine imeliwa."

"Na nani?"

"Na mimi, na wewe, na mama yangu, na watoto wa jirani. Vumbi lake linadondoka kwenye unga, shemeji."

Akaiweka chai chini. Alionekana mzee ghafla, na Mama Meno akamwonea huruma, maana alikuwa na sura ya marehemu pale alipokunja uso.

"Plastiki inapita tu," alisema hatimaye. "Inaingia inatoka. Watu wanakula mabaya zaidi ya hayo."

"Ungemwekea mkeo mezani?"

Shemeji akashuka kwenye pipa.

"Badilisha basi," akasema. "Mwambie ni matengenezo ya kawaida. Fungua, funga, rudi."

"Na akiuliza kwa nini zimelika haraka hivi?"

"Mwambie maji."

"Maji yapo, kweli. Lakini si maji."

"Shemeji, sikiliza. Akijua, mtaa unajua. Mtaa ukijua, watu wa maziwa wanajua, watu wa juisi wanajua. Nani ataleta mashine ya chakula hapa? Unataka kumwaga unga wako na wangu kwa pamoja?"

"Wa mama yangu umeshamwagika."

"Basi nenda," alisema kwa uchovu, si kwa hasira. "Lakini useme ni kosa lako. Wewe ndiye uliyekata. Jina la karakana liache."

Haikuwa haki, na alijua si haki, maana hakumtazama usoni alipolisema. Mama Meno aliona ile kamba ya wema wa zamani ikivutwa. Angeweza kumkumbusha nani alifungua stoo na nani alisema mapacha hawachumbiani. Hakumkumbusha. Alichukua mkoba wake wa vifaa, akapita nyuma ya mlango wa stoo, akakitazama kile kipande cha asetali ya bluu, akaondoka.

Bekari ilikuwa imepoa kidogo, mikate ya asubuhi imekwisha kuuzwa. Alimwomba Mama Ngano azime rola na aje pembeni. Akafungua kifuniko.

"Weka kidole hapa. Sasa lowesha. Sugua."

Mama Ngano alisugua. Akasugua tena. Uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesoma ujumbe wa simu mara ya pili.

"Hili ni nini?"

"Ni gia zako. Nilizikata zote kwenye nailoni moja. Plastiki ya aina moja ikijisugua inalika upesi. Nilikata mimi, na nilijua."

"Ulijua." Mama Ngano alijifuta kidole kwenye aproni, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Umekuja hapa kila jioni. Umekula mkate wangu, umechukua na wa bure, na ulijua."

"Ndiyo."

"Na shemeji yako?"

Mama Meno aliinamia mkoba wake wa vifaa. "Kamuulize mwenyewe."

"Hilo tayari ni jibu." Akaketi juu ya gunia. Mkandaji alikuwa amesimama na donge mikononi, hajui aliweke wapi. "Unajua mimi nimeosha hizo rola kwa mikono yangu? Nimewaambia watu bekari yangu haina kidoa. Nimesimama kaunta nikajisifu. Kwa nini mlinipa kitu ambacho hata sikioni?"

"Kwa sababu ulikitaka hivyo."

"Mimi?"

"Ulisema zikilika isionekane. Haikuonekana, Mama Ngano."

Ningependa kusema kwamba mwenye bekari alitubu papo hapo, lakini watu hawatubu hivyo. Alimtukana kwanza. Alimwambia kwamba mtu mzima mwenye mama mgonjwa alipaswa kuwa na hofu kidogo ya Mungu. Mama Meno alipokea yote amesimama, mkono mmoja kwenye goti. Kisha Mama Ngano akaitazama foleni ndogo iliyoanza kujikusanya nje, akamwambia mkandaji, "Tupa hilo donge. Na yaliyoko kwenye beseni. Leteni ile miti ya kusukumia. Leo ni mikono."

"Mikono?" mkandaji aliuliza. "Mpaka lini, mama?"

"Muulize fundi."

Fundi alijibu kwamba hajui. Safari hii angeiacha mota ivume kadiri inavyotaka.

Aliporudi karakanani aliondoa koti lililotundikwa juu ya meza ya uchumba. Akakata gurudumu kwenye asetali ya bluu na kipande kwenye nailoni nyeusi iliyokuja na mzigo ule wa asetali, iliyochanganywa unga wa kulainisha tangu kiwandani, isiyonywa maji sana. Akaweka chuma kizito. Akatafuta kisahani cheupe, akakikuta kimegeuzwa kuwa cha kuwekea skrubu, akakiosha. Siku ya kwanza shemeji alipita pale bila kusema neno. Siku ya pili vilevile. Walifanya kazi migongo ikitazamana, wakiombana vifaa kwa vidole. Watu wa maziwa walipeleka mashine yao kwingine, kama shemeji alivyotabiri, na fundi mmoja akaambiwa apumzike mpaka kazi itakapopatikana. Mtu asije akadhani ukweli ni bure. Ukweli una bei yake, na mara nyingi analipa hata ambaye hakukosa.

Nyumbani, bibi alikunywa uji na kulalamika. Bekarini mikate ilitoka michache, minene upande mmoja, na wakandaji walimlaani Mama Meno kwa jina kila walipokunja migongo. Aliwasikia alipopita. Hakuwajibu, maana magoti yake yalimwambia kwamba kazi ya kuinama siku nzima si mchezo.

Alasiri moja, mota ikiwa bado inavuma, shemeji alikuja akasimama pembeni. Alikitazama kisahani. Akachukua kipande kingine cha chuma, akakiongeza juu ya kile kilichokuwepo.

"Kaka alikuwa akiweka vyuma viwili," alisema.

"Nakumbuka."

"Bekari wanaosha kwa maji ya moto. Dondoshea maji."

Akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yake ya radhi, na Mama Meno, ambaye hakuwa na nguvu ya kudai makubwa zaidi, aliyapokea. Mota ilipozimwa hatimaye, waliinama pamoja. Kisahani kilikuwa cheupe, hakina chembe. Shemeji akapitisha kidole, akakitazama juani, akakipitisha tena.

"Waoane," alisema.

Mama Ngano alipoona gia mpya zikifungwa, alikunja pua.

"Moja bluu, moja nyeusi. Hao ndio mapacha? Yaani nimekimbia weusi, umenirudishia weusi."

"Hakuna unga wa bluu," alisema Mama Meno, akikaza nati ya mwisho. "Wala mweusi. Zikianza kulika utaziona kwenye donge kabla mteja hajaziona. Ukiona hata chembe, zima, niite. Na kila asubuhi mtu atazame chini ya kifuniko kabla hamjaanza."

"Nani? Mimi?"

"Wewe."

"Kila asubuhi, miaka yote?"

"Ndiyo."

Mama Ngano akamwambia mkandaji awashe. Rola zilizunguka. Hakusema zimetulia kama maji ya mtungi, na hakumpa mkate wa bure. Mama Meno alipanga foleni kama watu wengine, akanunua, akaenda nyumbani taratibu akishika kuta pale palipokuwa na ngazi.

Mama yake alikuwa ameshapanga vikombe. Mama Meno akaketi, akaukata mkate katikati, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Akapekua ndani kwa kidole gumba, kipande kwa kipande, ukingo kwa ukingo. Tangu siku hiyo hajaacha kufanya hivyo, na hajui kama ataacha.

"Unaukagua mkate kama askari wa geti," alisema bibi. "Unatafuta nini humo?"

"Sitafuti kitu."

"Basi nipe."

Akampa. Bibi akauchovya, akaumung'unya akiwa amefumba macho.

"Naam," alisema. "Ni uleule."

"Si uleule, mama."

"Kwangu ni uleule. Mimina chai, inapoa."

Mama Meno akamimina. Kisha akavua viatu, akayanyoosha magoti yake chini ya meza, akawa anamtazama anavyokula.